NENO KWA WALIMU: Kabla ya Kufungua Kitabu



Mwalimu mmoja wa upande wa Makadara ameniandikia barua ya kurasa tatu, naye ameomba jina lake na la shule yake yasitajwe. Asema kwamba watoto wake wa Gredi ya 4 husoma kwa sauti bila kukwama. Mkato huuheshimu na nukta huingoja. Lakini akiwauliza habari ya yale waliyoyasoma, huwa kama watu waliopita ndani ya nyumba usiku pasipo taa, wakatokea mlango wa nyuma wasijue mlikuwamo nini. Auliza kama kosa ni la watoto, au la kitabu, au lake mwenyewe.

Wengi waniandikiao huuliza njia ya kuwanyamazisha watoto. Huyu auliza njia ya kuwasemesha, na kwa hiyo nimeziweka kando barua nyingine zote juma hili.

Pamoja na barua amenakili kifungu kilichomtia mashakani. Ni habari ya mvuvi wa pwani aliyetweka matanga alfajiri, akavua hadi adhuhuri, kisha pepo za kusi zikazidi nguvu, naye akashusha matanga akatia nanga nyuma ya kisiwa hata bahari ilipotulia. Swali la kwanza lilikuwa hili: Kwa nini mvuvi alishusha matanga? Kijana mmoja, tena mwerevu, aliinua mkono upesi akajibu, "Kwa sababu alifiwa." Wenzake wakaitikia kwamba ndivyo. Mwalimu akadhani anafanyiwa mzaha, akamsimamisha kijana mpaka kipindi kikaisha.

Uniwie radhi, mwalimu mwenzangu, lakini kijana huyo hakukosa adabu, na kusoma alikuwa akisoma kuliko wote. Mtoto wa Nairobi hulijua neno matanga kabla hajajua kushika kalamu. Kwake ni hema lililofungwa baina ya nyumba na nyumba, viti vya kukodi, chai ya usiku, nyimbo, na sahani ya mchango ipitayo ili maiti apelekwe kwao Siaya au Kakamega au Machakos. Alipolikuta neno hilo kitabuni alifanya lile ambalo kila msomaji duniani hulifanya: aliingia katika ghala yake ya mambo ayajuayo, akatafuta, akayatoa matanga aliyoyakuta humo. Hakuna mtu aliyekuwa amemwekea matanga ya pili. Kama angalijibu "Sijui" ningalisikitika zaidi, maana ingalionyesha kwamba hata kutafuta hakutafuta.

Jambo hili wataalamu wamelichungua kwa miaka mingi. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alitoa kitabu akieleza jinsi alivyowapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena na tena. Kila walipoirudia waliinyoosha ifanane na mambo ya kwao. Mitumbwi ikageuka mashua, na uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki. Hao walikuwa watu wazima waliosoma hasa, nao walifanya sawasawa na kijana wetu wa Makadara, wala hakuna aliyewasimamisha.

Mwaka 1972 John Bransford na Marcia Johnson, huko Marekani, waliwasomea watu kifungu kimoja cha maneno mepesi kabisa, kilichosema habari ya kutenga vitu mafungu mafungu, kutovijaza vingi kwa mara moja, na kuvirudisha mahali pake kazi ikiisha. Walioambiwa mapema kwamba ni habari ya kufua nguo walielewa na kukumbuka mengi. Wasioambiwa walishika machache tu, ijapokuwa hapakuwa na neno hata moja wasilolijua. Na walioambiwa baada ya kusikiliza hawakuwa bora kuliko wale wasioambiwa kabisa. Hilo la mwisho ndilo niombalo mlitazame sana, maana wengi wetu huwa na desturi ya kueleza kifungu baada ya kusomwa. Watoto wakishindwa maswali, ndipo tunapochukua chaki na kuchora mashua. Mashua ile imechelewa.

Naongeza mfano mmoja, kwa kuwa wafaa sana mitaa yetu. Mwaka 1979 Margaret Steffensen na wenzake wawili walichapisha matokeo ya kazi yao: waliwapa Wahindi na Wamarekani barua mbili, moja ikieleza arusi ya Kihindi na ya pili arusi ya Kimarekani. Kila upande ulisoma barua ya arusi ya kwao kwa upesi zaidi, ukakumbuka mengi zaidi, na katika barua ya wageni ukayapotosha mambo zaidi. Sasa fikirini darasa moja la Pumwani. Mtoto wa Majengo, ambaye nyanya yake huzungumza Kiswahili cha pwani tangu kuzaliwa, amekwisha kuona akdi ikifungwa na bibi arusi akipakwa hina. Jirani yake wa dawati moja ameona mahari ikipelekwa bara kwa basi la usiku. Wapeni kifungu cha arusi, nao watasoma vifungu viwili mbalimbali katika ukurasa mmoja. Kwa hiyo si haki kusema "watoto wa Eastlands hawajui bahari" au "hawajui shamba". Yupo ajuaye, tena huenda ameketi nyuma kabisa akingoja kuulizwa.

Sasa nirudi kwa mvuvi wetu. Mngefanya nini kabla ya kufungua kitabu?

Mimi ningeanza na Gikomba. Ningeuliza: Nani amewahi kuona upepo ukiingia chini ya turubai la kibanda sokoni? Katika darasa la Eastlands mikono haitapungua. Ningeuliza tena: Turubai hufanya nini? Wataeleza kwamba hufura, huvuta kamba, hutikisa miti, na siku nyingine hung'oa kibanda chote. Na mama mwenye kibanda hufanyaje? Hapo atapatikana mtoto wa mwuza mitumba aliyekwisha kutumwa kazi hiyo kwa mkono wake mwenyewe, atasema kwamba hulegeza kamba upande mmoja ili upepo upite, au hulishusha turubai kabisa. Basi, ndugu zangu, mtoto huyo amekwisha kulijibu swali la kwanza la kitabu kabla hajaliona. Lililobaki ni kumwambia kwamba pwani watu hufunga nguo kama hiyo juu ya mlingoti wa chombo ili upepo uwachukue, kwamba nguo hiyo yaitwa tanga, na kwamba zikiwa nyingi huitwa matanga. Kisha mwulize waziwazi: Ni matanga gani mengine mnayoyajua? Mwache acheke, mwache aeleze ya hema na mchango. Maneno mawili yamekaa pamoja ghalani, kila moja na mahali pake, nayo hayatagombana tena.

Kazi hiyo haizidi dakika saba. Kipindi cha Gredi ya 4 ni dakika 35, nami najua kwamba tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwezi wa Januari 2003 madarasa mengi ya mitaani yamejaa hata mwalimu hupita ubavu ubavu kati ya madawati. Lakini si lazima mwalimu amsikilize kila mmoja. Waambieni wazungumze wawili wawili kwa muda wa kuhesabu mia moja, kisha waulizeni watatu tu, na katika hao watatu awemo mmoja ambaye hainui mkono kamwe.

Wengine hupenda kuanza kwa kitendawili, na desturi hiyo ni yetu wenyewe. Wazee walipoita "Kitendawili!" na watoto wakaitika "Tega!" hawakuwa wakipoteza wakati, walikuwa wakiziamsha akili zitoke zilikolala. Mwalimu aweza kutunga chake mwenyewe kwa ajili ya somo la siku hiyo. Kwa mfano: Nguo yangu haivaliwi, lakini ikishiba upepo hunibeba. Wakishindwa, msiwape jibu. Waambieni jibu limo kitabuni, muone watakavyokifungua.

Ipo pia njia ya picha na kichwa cha habari. Katika mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 katika shule za msingi nchini, walimu waliongozwa kuwafanya watoto watabiri hadithi kabla ya kuisoma. Njia ni njema, ila nimeiona ikifanywa kama sala iliyokaririwa. Mwalimu auliza, "Mnaona nini katika picha?" Darasa zima laimba, "Tunaona mwanamume!" Mwalimu asema, "Vizuri sana, fungueni ukurasa." Huko si kutabiri. Anayetabiri hutia dau. Mwulizeni mtoto: Mtu huyu atafika salama au hatafika, nawe wajuaje? Akishasema, atasoma kwa hamu ya kuona kama ameshinda.

Kwa habari ya jedwali la safu tatu, ambalo Donna Ogle wa Marekani alilieleza mwaka 1986, yaani Ninayoyajua, Ninayotaka Kuyajua, na Niliyojifunza, nasema litumieni, lakini msidanganyane. Safu ya kwanza hujaa upesi, ya pili huandikwa na mwalimu mwenyewe kwa sababu watoto hawakuzoea kuulizwa wanataka nini, na ya tatu kengele hulia kabla haijaguswa. Kama wakati ni mfupi, afadhali safu ya kwanza na ya tatu peke yake. Na katika ile ya kwanza andikeni kila wasemalo, pamoja na la kosa. Andikeni "Matanga ni msiba" bila kukunja uso. Wakiisha kusoma, watoto wenyewe waje ubaoni waseme lipi libaki, lipi lifutwe, na lipi liongezewe maneno.

Nasema hivyo kwa kuwa iko hatari ambayo wachache huitaja. Mwaka 1985 Donna Alvermann na wenzake walionyesha kwamba wanafunzi waliotakiwa kuyakumbuka wayajuayo kabla ya kusoma, kisha wakapewa kifungu chenye kuyapinga, waliyashikilia ya kwao wakakiacha cha kitabu. Kwa hiyo kuliamsha wazo la mtoto na kuliacha bila kulirudia ni kulitia nguvu. Ukimwuliza kabla, sharti umwulize na baada.

Barua yasema pia, kama jambo la kuona haya, kwamba watoto wakiachiwa nafasi ya kusema hujibu kwa Sheng. Naam, watajibu kwa Sheng. Lugha hiyo imesikika katika mitaa hii tangu miaka ya 1970, na wengine husema ni ya zamani zaidi. Mtoto akisema kwamba "kanjo walikuja wakabeba vitu vya mathee," amekupa habari nzima ya askari wa jiji, ya sheria ya kuuza barabarani, na ya mama yake. Ukimkatiza ukamwambia "Sema Kiswahili sanifu!" atanyamaza, na hiyo habari itanyamaza naye. Mimi humwitikia kwa kichwa, nikaandika ubaoni: Askari wa jiji walichukua bidhaa za mama. Yeye amesema, nami nimeandika, na darasa zima limeona maneno yale yale yakivaa nguo ya shule. Najua wako wakaguzi ambao hawatakubaliana nami. Waniandikie.

Na watoto hawa wanayo mengine wasiyojua kwamba wanayo. Kila asubuhi mtoto wa Mbotela humwambia kondakta jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952 wakati wa Hali ya Hatari. Na wa Ofafa humtaja Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka uliofuata. Kariokor kwao ni nyama choma na viatu vya ngozi, lakini jina lenyewe latokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita vya mwaka 1914 hadi 1918, na ambao wengi wao hawakurudi. Soko la Burma lakumbusha nchi walikopigana askari wa K.A.R. mwaka 1944. Mwalimu mwenye kifungu cha historia kuhusu vita hivyo asianze na Ulaya. Aanze kwa kuuliza, "Nani alipita Kariokor leo?" Atakayehitaji picha na vitabu vya kujitayarisha, aende kwenye maktaba ya Kaloleni au ile ya Makadara, matawi ya McMillan Memorial Library. Majengo hayo yalitengenezwa upya na shirika la Book Bunk kwa makubaliano na Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2018. Yatumieni.

Sasa nina jambo langu mwenyewe la kukiri, wala si la kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita nalikuwa nikifundisha katika shule moja isiyo mbali na Gikomba. Kifungu cha siku ile kilikuwa "Moto Sokoni". Nami, kwa kuwa nalikuwa nimejifunza habari hizi zote na kuzipenda, niliwauliza watoto: "Nani amewahi kuona moto mkubwa? Tuelezeni mliyoyaona." Darasa likawaka kweli. Soko lile limeungua mara nyingi. Moto wa tarehe 28 Juni 2018 peke yake uliwaua watu 15. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema, nami nikafurahi nikidhani somo limefanikiwa. Msichana mmoja wa dawati la tatu aliweka kichwa juu ya mikono yake, asikiinue mpaka kengele ilipolia. Nikamdhani mgonjwa. Jioni mwalimu mwenzangu aliniambia kwamba kibanda cha mama yake kiliteketea juma lililotangulia, na kwamba kwa siku zile walikuwa wakilala kwa shangazi.

Sikulala vizuri usiku ule. Nalikuwa nimefungua ghala ya mtoto mbele ya watu arobaini bila kubisha hodi.

Kesho yake nilibadili swali. Sikuuliza tena "Wewe uliona nini?" Niliuliza, "Moto ukitokea sokoni, watu hufanya nini?" Tofauti ya maneno ni ndogo, lakini swali la pili kila mtu aweza kulijibu bila kujitaja, na asiyetaka kujibu aweza kukaa kimya bila kuonekana. Tukasoma kifungu. Kilisema kwamba moto ulipoanza watu wote walikimbia kuokoa maisha yao. Yule msichana aliinua mkono, mara ya kwanza tangu jana yake, akasema, "Mwalimu, hapo si kweli. Watu hukimbilia motoni. Mama alirudi ndani mara mbili kutoa beli."

Nalikaa kimya kidogo. Kisha niliwaambia watoto wote watoe kalamu, waandike sentensi moja ambayo mwandishi wa kifungu kile angaliiandika kama angalikuwa amekaa Gikomba. Maandishi ya siku ile ningali ninayo. Karibu wote waliandika habari ya watu wanaorudi ndani: wengine kwa ajili ya mitumba, mmoja kwa ajili ya cherehani, mmoja kwa ajili ya daftari la madeni. Maswali ya ufahamu yaliyofuata hayakumshinda hata mmoja.

Tangu hapo, kabla ya kifungu chochote cha moto, mafuriko, kufukuzwa nyumbani au kifo, hujiuliza kwanza ni nani darasani ambaye jambo hili bado ni bichi kwake. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 na ubomoaji wa nyumba za kando ya mito uliofuata, mwalimu wa mitaa hii aliyeuliza "Nani anajua mto?" alipaswa kulipima sana swali lake.

Limebaki pingamizi moja, nalo mwandishi wa barua amelitoa kwa haki. Asema: katika mtihani hakuna mwalimu wa kuwatayarisha, karatasi huja na kifungu chake, na mtoto yuko peke yake. Ni kweli. Ilikuwa hivyo katika K.C.P.E. kuanzia mwaka 1985 hata ulipofanywa wa mwisho mwaka 2023, na mtihani wa Gredi ya 6 nao hauna huruma zaidi. Kwa sababu hiyo dakika zile saba hazipaswi kuwa za mwalimu daima. Katika muhula wa kwanza ulizeni ninyi. Katika wa pili, waambieni watoto wakitazame kichwa cha habari na maswali yaliyo chini, kisha wao ndio waulize. Katika wa tatu, wapeni karatasi, msiseme neno, na wapeni dakika mbili za kukaa na kalamu chini wakijiuliza kimoyomoyo: Jambo hili nimelionea wapi? Mwanzoni watawatazama ninyi. Msiwatazame.

Mwalimu wa Makadara asikitupe kifungu chake cha mvuvi, bali akirudie juma lijalo kwa njia ya turubai, na huyo kijana aliyesimamishwa apewe yeye kazi ya kuwaeleza wenzake matanga ya namna zote mbili. Kisha aniandikie yaliyotokea. Na kama yuko mwalimu wa Jericho, Bahati au Maringo aliyepata kifungu cha shamba la chai akaona njia ya kukiingiza mtaani, mimi bado sijaipata, nami ningependa kuisikia kabla ya toleo lijalo, ambalo nitajibu barua mbili kuhusu mwandiko.